Tarehe wachape wao, faini nilipe mimi!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, nivumilieni.

Jumanne saa nne asubuhi wakaguzi wameniingilia dukani. Duka la kawaida la mtaani, lile la "Mangi, nipimie unga nusu". Wamepekua rafu zote hadi chini ya kaunta wakitafuta bidhaa zilizopita muda, wakaondoka na majarini makopo 6, katoni moja ya juisi, bisikuti pakiti 14 na maziwa pakiti 3. Na faini juu.

Maziwa ni kosa langu, sibishi. Yalijificha nyuma ya soda kwenye friji, nikazembea. Hayo wangeyamwaga barabarani nisingefungua mdomo.

Ila zile bisikuti! Nimezichukua Kariakoo wiki tatu tu zilizopita. Kwenye katoni tarehe inasomeka. Kwenye pakiti moja moja wameichapa palepale kwenye mkunjo wa plastiki, na wino ukiguswa na kidole chenye jasho, umekwenda. Mkaguzi mwenyewe aliwasha tochi ya simu, akageuza weee, akamwita mwenzake. Watu wawili waliosomea kazi hiyo, pakiti moja! Mimi nizisome zote saa mbili usiku umeme umekatika, na foleni ya watoto wanataka chenji?

Juisi ndiyo kichekesho. Imeandikwa 07/10/25. Mimi nasema ni Oktoba, mkaguzi anasema ni Julai. Mnajua nani alishinda. Bado kuna bidhaa za China zinazoweka tarehe ya kutengenezwa tu, halafu "miezi 18", hesabu piga mwenyewe.

Majarini yalikuwa na BB (best before, "bora kabla ya"), si EXP (mwisho wa matumizi). Viwango vya Codex, vile vya kimataifa vya chakula vya FAO na WHO, tangu marekebisho ya 2018 vinatofautisha kabisa: EXP ikipita, usiuze. BB ikipita, mtengenezaji hadhamini tena ladha na ubora wake, lakini chakula chenyewe huenda bado kinalika. Nikajaribu kueleza. Nikajibiwa "imeisha muda, weka kwenye gunia". Haya, kama sheria yetu inataka na BB itolewe, semeni hivyo kwa Kiswahili, mtubandikie ukutani. Mmoja aliniuliza hadi tarehe ya chumvi! Codex hiyohiyo imezisamehe tarehe siki, sukari isiyoongezwa virutubisho na chumvi isiyotiwa madini joto.

Kinachoniuma kuliko vyote ni yule wa jumla. Nimempigia, kanijibu kwa upole kabisa: "Mali ikishatoka haipokelewi, si imeandikwa kwenye risiti?" Siku ile alinipunguzia 2,000 kila katoni, "ofa ya leo tu boss", na mimi nikafurahi kama mtoto. Kumbe ofa maana yake anahamishia msiba kwangu. Kwake mzigo unaondoka na mkokoteni asubuhi, ukaguzi unakuta rafu tupu. Kwangu bisikuti zinakaa wiki sita kwa sababu watu wananunua mojamoja.

Wenye maduka humu, kuna wa jumla anayekubali kuandika tarehe ya mwisho ya mzigo kwenye risiti, na kupokea kilichobaki kikiwa bado na mwezi mmoja? Nitajieni mtaa tu, kesho alfajiri niko hapo. Na nyie wa "Mangi mnatulisha sumu", someni uzi kwanza ndipo mtukane.