Mrejesho: Pentium 4 iliyogoma kuvuta vifurushi vya NetBSD

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa mliokosa: nilikuwa naweka NetBSD 10 (mfumo endeshi wa bure) kwenye kompyuta ya zamani ya Pentium 4 hapa Ngamiani, Tanga. Mfumo uliingia vizuri kutoka kwenye CD, ila kila nikiiambia pkgin (kipakuzi cha programu) ilete vifurushi, yaani programu za ziada, inagoma, eti cheti cha usalama cha tovuti hakijaanza kutumika.

Nililaumu kadi ya mtandao, nikalaumu bando, nikabadilisha waya mara mbili. Kumbe yule aliyeuliza "mkuu, saa ya mashine inasemaje?" alishamaliza kazi. Nikaandika amri ya date, ikajibu: Januari 2003! Kwa mashine hiyo, cheti cha leo ni mtoto hajazaliwa.

Nikafungua boksi. Vumbi usiseme. Betri ya CR2032, ile inayotunza saa mashine ikizimwa, ilikuwa na ukungu wa kijani pembeni (hewa ya bahari hii jamani), multimita ikasoma volti 0.9 badala ya 3. Nikasugua vishikio kwa kifutio cha penseli, nikapachika mpya, nikaweka tarehe kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka).

Kabla ya hapo nilitegemea ntpd, programu inayorekebisha saa kupitia mtandao, iniokoe, ikajizima. Kwa kawaida hukataa saa iliyopishana zaidi ya sekunde 1000 mpaka uiwashe kwa kuongeza -g kwenye amri yake. Mwenye haraka aweke tarehe kwa mkono kwa amri ya date.

Sasa pkgin inavuta, polepole, RAM yenyewe MB 512. Imebaki feni, inalia kama cherehani. Mkuu wa saa, ukipita Raskazone kahawa ni juu yangu.