Kiingereza cha mtihani wa kuingia shule ya bweni Zambia: senta ya mjini, mwalimu wa nyumbani, ao kumtuma Kitwe?

Mama_BelAir
Jambo yenu wote. Binti yangu ana miaka 14, amemaliza mwaka wa 8 na TENASOSP (mtihani wa taifa wa mwisho wa mwaka ule) ilipita vizuri. Baba yake anataka aendelee kwenye shule ya bweni upande wa Ndola, yenye maabara na mafunzo ya ufundi. Shule ile haimchukui mtoto kwa biletini (ripoti ya alama) peke yake. Kuna mtihani: karatasi ya Kiingereza na karatasi ya hesabu, zote mbili kwa Kiingereza, katikati ya mwezi wa 10. Leo ni tarehe 8 mwezi wa 8. Majuma kumi hayafiki.

Kifaransa chake hakina neno. Hesabu anaipenda. Kiingereza chake ni kile cha masomoni, "good morning teacher" na nyimbo mbili tatu.

Nimezunguka hapa mjini Lubumbashi siku nne, nimebaki na njia tatu. Kuna senta ya jioni, siku tano kwa juma, dola 30 kwa mwezi, juu yake dola 10 za kujiandikisha na kitabu cha fotokopi. Kuna kijana aliyemaliza ISP, chuo cha ualimu, anayekuja nyumbani kwa dola 5, saa moja na nusu. Ao mdogo wangu anayeishi Kitwe, kule Zambia, amchukue mpaka siku ya mtihani, asikie Kiingereza usiku na mchana. Mume wangu anapenda hii ya mwisho, anasema haina gharama. Wanaume! Mimi ndiye ninayejua gharama ya kumwachia mtu msichana wa miaka 14 amlishe miezi miwili.

Waliokwisha kupita njia hizi, nisaidieni.

Katuba_ya_Zamani
Mama, usimutume mutoto ku Kitwe! Wetu alienda kule miezi mbili, alirudia na Kibemba. Asubui "mulishani", mangaribi "mulishani". Kingereza? Ile ile ya zamani. Batoto ba kule banacheza mu Kibemba, banagombana mu Kibemba, na mama mudogo wake alikuwa anamusemesha Kiswahili juu ya hamu ya kwabo.

Mama_BelAir
@Katuba_ya_Zamani nimecheka mpaka mume wangu ameuliza kuna nini. Nimemsomea. Amenyamaza.

Papa_Kasumbalesa
Ni kweli, na kuna jambo moja zaidi. Mimi ni deklara (wakala wa forodha), mpaka ule ninauvuka kila juma, watoto wangu wawili wamesoma Chingola. Kalenda yao si kama yetu. Mwaka wao wa masomo unaanza mwezi wa 1 na una mihula mitatu. Mwezi wa 8 ni likizo yao. Ukimtuma sasa atakuta masomo yamefungwa na binamu zake wako barabarani na mpira. Kiingereza cha Copperbelt, jimbo lile la Kitwe na Ndola, kinakaa darasani na ofisini. Uani ni Kibemba.

Angekuwa na mwaka mzima, ningekuambia mtume, aingie darasani nao hata akiwa mkia. Kwa majuma kumi, hapana. Na kama mtamvusha siku ya mtihani, msitoke Lubum alfajiri ya siku ileile. Kasumbalesa, pale mpakani, haifiki kilometa 100, lakini malori yakifunga njia, kilometa haina maana tena. Lala Chililabombwe ao kwa mama mdogo wake Kitwe. Hapo ndipo Kitwe itakusaidia.

Jambo lingine: uliza vizuri anaingia darasa gani. Wameanza mtaala mpya mwaka 2025, ile waliyokuwa wanaita Grade 8 sasa ni Form 1. Mtu asije akamwandikisha mtoto wako mwaka mmoja nyuma kwa kuchanganya majina.

Ruashi2000
Kuhusu senta, nitasema yangu bila kutaja jina. Nililipa miezi mitatu. Siku ya kwanza walitupa mtihani wa kujua kiwango chetu, na tazama maajabu: wote 34 tukawekwa kiwango cha kwanza, hata mzee mmoja aliyefanya kazi Ndola miaka sita. Majuma mawili tukasema jina letu na tunakoishi. Juma la tatu mwalimu akabadilishwa, tukasema tena jina letu na tunakoishi. Mwishoni nilipata cheti chenye mhuri mzuri sana. Hakuna aliyewahi kuniuliza kiko wapi.

Senta zote si hivyo, najua. Lakini senta inakwenda kwa mwendo wa kundi, na mtihani wa binti yako haungoji kundi.

Mwalimu_Kamalondo
Mama_BelAir, ninafundisha Kiingereza humanités (sekondari ya juu) mwaka wa 16 sasa. Kabla ya kuchagua nani amfundishe, umeiona karatasi yenyewe? Piga simu shuleni kule, omba karatasi ya mwaka uliopita. Wakikataa, uliza maswali matatu tu: kuna insha? Kuna kusikiliza? Kuna mahojiano? Nimeona wazazi wakilipa mazungumzo miezi miwili, halafu mtoto anakuta mtihani wote ni kusoma na kuandika. Alijua kuongea na hakuna aliyemwongelesha.

Kwa kawaida shule za namna hiyo zinatoa kifungu cha kusoma chenye maswali, sarufi, kubadilisha sentensi, na insha fupi. Na humo watoto wetu wana makosa yao wenyewe, si yale yaliyo kwenye vitabu vya kutoka Uingereza. Sisi tunakuja na lugha mbili mgongoni, na kila moja ina mtego wake.

Mtego ninaoupambana nao zaidi ni "his" na "her". Kwa Kiswahili ni "yake", haijali mume ao mke. Kwa Kifaransa "son" na "sa" zinafuata kitu kinachomilikiwa. Kiingereza kinamfuata mwenye kitu. Basi mtoto anataka kusema baba ya Maria, Kiswahili hakimsaidii, Kifaransa kinamdanganya, anaandika "his father" na anaona ni sawa kabisa. Hata "he" na "she" zinamteleza, kwa sababu kichwani mwake kuna "yeye" mmoja.

Wa pili ni wakati. Mpe sentensi hii: "I last saw him two years ago." Mwambie aianze upya na "I haven't". Jibu ni "I haven't seen him for two years." Mtoto wa Kifaransa atakupa "I don't see him since two years", maana "depuis" imemshika mkono. Kubadilisha sentensi namna hiyo kunapendwa sana na watunga mitihani, na dakika ishirini kila siku zinatosha kumnyoosha.

Halafu marafiki wa uongo: "library" si duka la vitabu, "actually" si "sasa hivi", "I assisted at the party" haina maana anayoitaka. Na umri: "I have 14 years". Hilo likitokea kwenye mstari wa kwanza wa insha, msahihishaji ameshamjua anatoka wapi.

Kwa hiyo mimi ninachagua mwalimu wa nyumbani, lakini kwa sharti moja. Afanye kazi kwa karatasi, na asahihishe maandishi ya mtoto kwa kalamu nyekundu mbele yake. Akianza na "tuzungumze tu, lugha inakuja yenyewe", mpe chai na umsindikize.

Yaya_Kalubwe
Aksanti mwalimu, hilo la "his/her" lilinimaliza mimi pia.

Mama, mimi nilijiandaa peke yangu, bila senta wala mwalimu, ili nipate nafasi ya masomo nje nikiwa na miaka 17. Nitakuambia nilichotumia, hata kama si njia ya kila mtu.

Cambridge wanaweka mitihani ya mfano bure kwenye tovuti yao, yenye majibu na sauti. Usianze na mkubwa. Chukua ule unaoitwa B1 Preliminary. Sehemu ya kusoma ina maswali 32 kwa dakika 45, kuandika dakika 45: barua pepe ya maneno kama 100, halafu achague makala ao hadithi. Kusikiliza kuna maswali 25. Ni kipimo kizuri kwa umri wake. Akipata chini ya nusu, shuka A2 Key. Akivuka 25 kwenye kusoma, panda B2 First, hapo atakutana na mazoezi ya kuunda maneno: unapewa "decide", nafasi inataka "indecisive". Hayo ndiyo yanayotenganisha watoto.

Kisha kuna hazina ambayo watu wetu hawaijui: Vietnam. Kule watoto wa miaka 15 wanafanya mtihani mkali kuingia shule maalumu za sekondari, kila mmoja anachagua somo lake, na wa Kiingereza wana karatasi yao ya peke yake. Shule ya Hà Nội – Amsterdam, iliyofunguliwa 1985, ni moja ya zinazogombaniwa. Karatasi zao za mazoezi zimejaa intaneti. Andika "lớp 10 chuyên Anh" (nakili hapa tu, usijitese na alama zile) na utapata kurasa na kurasa za kuunda maneno, kutafuta kosa, kubadilisha sentensi. Maelekezo mara nyingi ni kwa Kiingereza, kwa hiyo hutapotea.

Ila ni ngumu. Ngumu kweli. Nyingine zinatafuta maneno ambayo hata mwandishi wa gazeti la London hayatumii kwa mwaka. Mimi nilikuwa ninachagua sehemu mbili tu, kuunda maneno na kubadilisha sentensi, nikaacha misamiati ya ajabu. Na angalieni ufunguo wa majibu: wanaopandisha karatasi hizo wakati mwingine wanakosea wenyewe.

Kwa sikio nilikuwa na rekodi za VOA Learning English, za redio ya Amerika, kwenye kadi ya simu. Walisoma polepole, kwa msamiati wa maneno kama 1,500. Ukizihifadhi mara moja, mega za intaneti haziishi tena. Na SNEL wakikata umeme, simu yenye chaji inatosha.

Kenya_Commune
Na Duolingo je? Mdogo wangu yuko humo kila siku, ana siku 200 bila kukatika.

Yaya_Kalubwe
Programu ya bundi wa kijani ni mchezo mzuri wa kupata maneno. Usiichanganye na Duolingo English Test, huo ni mtihani kamili wa saa kama moja kwenye kompyuta, kamera ikikutazama, na unalipiwa. Vyuo vikuu vingi vinaupokea. Shule ya Ndola ina karatasi yake, kwa hiyo mama asitoe pesa huko.

Ruashi2000
Siku 200 na bado anasema "the boy eats apple". Namjua huyo mdogo wako.

Papa_Kasumbalesa
Mmesahau karatasi ya pili! Mtoto wangu mkubwa, aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu hapa, alianguka hesabu kule mara ya kwanza. Hesabu aliijua. Hakujua maneno. "Numerator", "remainder", "perimeter", "at least", "twice as many as". Hapo kwenye "at least" alipoteza maswali mawili.

Na alama nazo. Sisi tunaandika 3,5 kwa koma. Wao 3.5 kwa nukta, na koma wanaitumia kutenga maelfu. Mtoto akiona 1,250 anasoma moja na robo! Kugawanya wanakupanga kwa namna yao, kigawanyo kinakaa kushoto, sisi tumezoea kulia. Na "billion" yao ndiyo "milliard" yetu ya Kifaransa.

Mwalimu_Kamalondo
Papa umesema kweli, nami niliiacha kwa kuwa ni shamba la jirani. Juma moja linatosha: achukue daftari lake la hesabu la mwaka wa 8, aandike upya maswali ishirini kwa Kiingereza. Hesabu ni zilezile, atajifunza maneno tu.

Mama_BelAir
Nimerudi. Nimempigia simu katibu wa shule. Hakuna kusikiliza. Kifungu cha kusoma, sarufi, insha ya maneno 150, halafu mahojiano mafupi kwa wanaofaulu tu. Karatasi ya zamani hawatoi.

Jana nikamkalisha na ile B1, simu mbali, saa ya ukutani mbele yake. Amepata 14 kwa 32. Alimaliza sehemu nne, mbili za mwisho hakuzifikia, muda ulimwishia. Alilia kidogo. Nikamwambia hata mimi nimejaribu sehemu ya kwanza na nimepata mbili.

Tumeamua hivi: kijana wa ISP Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa karatasi na kalamu nyekundu kama mwalimu alivyosema. Ni dola 15 kwa juma, inazidi senta, lakini nimeondoa mambo mengine. Jumamosi karatasi nzima kwa saa. Hesabu anaandika upya na baba yake, aliyetaka njia isiyo na gharama. Kitwe tutalala usiku mmoja.

Mwalimu_Kamalondo
14 bila kumaliza si mbaya hata kidogo. Muulize kama alisoma kifungu kwanza ao maswali kwanza. Nina hakika alisoma kifungu chote mara mbili, kama tunavyowafundisha kwa Kifaransa. Aanze na maswali. Na tuwekee hapa aya moja aliyoandika mwenyewe, usiinyooshe.

Mama_BelAir
Hii hapa, kama alivyoiandika: "My aunt lives in Kitwe since 2015. She has three childrens and his husband work in the mine. I am going to sleep at her house before the exam and I am very afraid but also contented."

Mwalimu_Kamalondo
"Has lived", "children", "her husband works", na aseme "happy". "At her house" ameipata peke yake, mpongeze kwa hiyo. Aiandike tena kesho bila kuitazama, uturudishie Jumamosi.

Katuba_ya_Zamani
Na akifika ku Kitwe ule usiku moya, mama mudogo asimusemeshe Kibemba!