Kombi ya 1974 au ile ya umeme yenye sura ya zamani: mngechukua ipi?

Nakawa_Dereva
Habari zenu wote. Kuna mtu Jinja anauza Kombi ya 1974, ile vani ya zamani ya Volkswagen, ile yenye kioo kimoja cha mbele, injini ya 1600, nyeupe juu na chungwa chini. Anataka shilingi milioni 38 za Uganda na jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Shemeji yangu aliye Uingereza ananiambia nisitupe hela kwenye chuma cha zamani. Yeye anasema nijipange, atanitafutia Volkswagen ID. Buzz iliyotumika, usukani uko kulia kama kwetu, anipakilie melini. Kwa maneno yake, "ni Kombi ileile, ila ya umeme." Mngechukua ipi?

FundiWaKatwe
Ssebo, hujatuambia kitu. Gari ni la kazi gani? Unabeba watu wangapi? Unakaa kwako au umepanga? Mita yako ya umeme wa kulipia kabla, Yaka, ni yako peke yako au mnachangia na wapangaji wengine? Hiyo ya Jinja ina logibuku, kitabu cha usajili wa gari, yenye jina la anayeuza? Bila hayo tutakupa maoni tu, si ushauri.

Mzee_wa_Kombi
Fundi amesema kweli, lakini hilo neno la "Kombi ileile" siwezi kuliacha lipite.

Nimefuata ahadi hizi tangu mwanzo. Mwaka 2001 walionyesha Microbus kule Detroit, watu wakapiga foleni moyoni, haikuja. Mwaka 2011 wakaleta Bulli kwenye maonyesho ya Geneva, ya umeme, haikuja. Mwaka 2016 ikawa BUDD-e, Las Vegas. Mwaka 2017 wakarudi Detroit na I.D. Buzz: betri ya 111 kWh (yaani yuniti 111 za umeme), mota mbili, viti vinane, kiti cha dereva kinageuka kutazama abiria. Hiyo ndiyo iliyotolewa picha dunia nzima. Ilipofika sokoni 2022 ilikuwa na betri ya 77 kWh, mota moja ya kilowati 150 na viti vitano. Ya viti saba ilifuata baadaye. Chini yake ni chesisi ileile ya magari yao mengine ya umeme, ID.3 na ID.4. Wamechukua sura ya gari ambalo babu zetu walilipenda wakaivisha gari jingine.

Kombi ni gari ambalo fundi yeyote mwenye spana chache analifungua chini ya mwembe. Kifuniko cha nyuma, injini ile pale, haina hata radiata. Hiyo ya umeme ikizima Luweero nani ataifungua? Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kijana_Ntinda
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo umeionea. Gari la maonyesho halijawahi kuwa gari la dukani, kwa kampuni yoyote ile. Na kuna kitu umekiruka: mota ya Buzz iko nyuma na inasukuma magurudumu ya nyuma, kama Kombi yako. Kuliko zile vani zao zote zilizofuata baada ya 1990 zenye injini mbele, hii ndiyo iliyorudi nyumbani.

Halafu hesabu. Kombi yenye afya inakunywa lita 12 au 13 kwa kilomita 100. Petroli ikiwa karibu 5,000 kwa lita, hiyo ni 60,000 na zaidi. Buzz inakula kama yuniti 21 kwa umbali huo, na yuniti ya nyumbani ni mia saba na kitu. Haifiki 17,000.

Mzee_wa_Kombi
Marahaba. Sasa malizia hesabu yako. Buzz ilipotoka Ujerumani ilianzia zaidi ya euro 64,000. Hizo ni zaidi ya milioni 250 zetu kabla ya meli na ushuru. Ukiokoa 45,000 kwa kila kilomita 100, utaendesha karibu kilomita laki tano ndipo ufidie tofauti ya bei na ile ya Jinja. Iliyotumika itashuka bei, sawa, lakini betri nayo itakuwa imetumika.

KamunyeBoss
Mimi huwaga nashangaa. Nchi nzima inatembea na HiAce. Ukiharibikiwa Kisoro, spea ipo. Ukiharibikiwa Moroto, spea ipo. Nunua HiAce ya dizeli, ipake hiyo rangi ya chungwa, maisha yaendelee.

MamaSafari_Entebbe
Naona bado hakuna aliyetaja njia ya tatu, na itatajwa tu: kununua Kombi ya zamani, kung'oa injini, kuweka mota ya umeme. Mimi nimeipitia, kwa hiyo Nakawa_Dereva tafadhali soma mpaka mwisho.

Nina kampuni ndogo ya kutembeza wageni. Gereji sitaitaja. Walituahidi betri za Nissan Leaf iliyopata ajali, 24 kWh, afya zaidi ya asilimia 80. Wakatuwashia dashibodi ya ile Leaf, vijiti vyote kumi na viwili vya afya ya betri vimejaa. Tukalipa nusu. Kazi ya chuma waliifanya vizuri, siwanyimi haki yao: bamba la kuunganisha mota na gia za zamani lilikaa sawasawa, hakuna mtikisiko. Mjini ilikuwa raha. Inapanda Kololo kimya, watu wanageuka.

Safari ya kwanza ya wageni ilikuwa kwenda Jinja. Tulitoka Kajjansi betri imejaa. Mukono geji imeshuka chini ya nusu. Namawojjolo, pale wanapochoma kuku na gonja, gari likaanza kupunguza nguvu lenyewe, tukasogea pembeni taratibu huku malori yanatupigia honi. Mama mmoja wa pale akatukubalia tuchomeke kwenye soketi ya friji yake. Baada ya muda tukasikia harufu. Plagi ilikuwa imelainika, upande mmoja wa plastiki umebonyea kama nta, na ukutani soketi imepata alama nyeusi. Tukachomoa. Nikamlipa yule mama soketi mpya, nikawaitia wageni taksi. Walikuwa wastaarabu, lakini katika maoni yao waliandika kila kitu, na msimu ule wote nilikuwa najibu maswali ya gari lililozima njiani.

Kijana anayejua mambo hayo akaja na kile kifaa cha kuchomeka chini ya dashibodi na programu ya LeafSpy kwenye simu. Afya ya betri: asilimia 58. Mtu alikuwa amefuta kumbukumbu za kompyuta ya betri, ndiyo maana vijiti vilionekana vimejaa siku ya kununua. Gereji wakasema ilipotoka kwao ilikuwa nzima. Hela haikurudi mpaka leo.

FundiWaKatwe
Pole sana dada. Niongeze kwa ajili ya wengine: hata LeafSpy hudanganyika siku za mwanzo baada ya kufuta, inaonyesha afya nzuri halafu inashuka polepole kadiri gari linavyotumika. Kipimo cha kuaminika ni kuijaza, kuiendesha mpaka chini, na kuhesabu yuniti ulizorudisha. Muuzaji akikataa hilo, ondoka. Na Leaf hizo za zamani hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji, joto linaimaliza. Ikitoka nchi ya joto ni mbaya zaidi.

Kijana_Ntinda
Hiyo ni gereji mbaya, si umeme mbaya. Mwaka 2020 Volkswagen wenyewe walionyesha Kombi ya kioo kilichogawanyika iliyowekwa umeme, e-Bulli. Betri 45 kWh, mota ya kilowati 61 mahali pa injini ya farasi 44, zaidi ya kilomita 200 kwa chaji moja.

Mzee_wa_Kombi
Na bei ya ile kazi uliisoma? Kuanzia euro 64,900. Tumerudi palepale.

Mlima_Elgon
Mimi nawapinga wote kuhusu jambo moja: usalama. Kwenye Kombi magoti yako ndiyo bampa. Mbele yako kuna bati na taa, basi. Barabara ya Mbale malori hayakuoni, mabasi ya usiku hayakuoni. Gari la kisasa lina mifuko ya hewa na pua kidogo ya kupokea kishindo. Mtu mwenye watoto asidharau hilo kwa sababu ya mapenzi ya rangi.

KamunyeBoss
HiAce nayo haina pua na inabeba watu 14 kila siku.

Mlima_Elgon
Na unajua matokeo yake kila mwisho wa mwaka. Huo si utetezi.

MamaSafari_Entebbe
Nakubaliana na Mlima_Elgon. Ila na hizo mpya zikaguliwe. Mwaka 2025 kule Marekani Buzz ziliitwa zirudi kurekebishwa: kiti cha nyuma kabisa ni kipana, watu watatu wanatosha, lakini mikanda ni miwili. Kwa familia za kwetu hicho si kitu kidogo. Kiti kikiwa na nafasi ya watatu, watakaa watatu.

Nakawa_Dereva
Asanteni sana, nimesoma yote. Majibu: nimepanga Kira, Yaka ni yangu peke yangu, parking ni ya wazi lakini ndani ya geti. Sisi ni sita na mama mkwe. Siku za kazi napanda boda, kwa hiyo gari ni la kanisani, sokoni, na Krismasi kwenda Mbale. Pia, hili nilisahau kusema, nilifikiria kuikodisha kwa ajili ya harusi na kwanjula (sherehe ya kutambulisha wachumba) mwisho wa wiki. Logibuku ina jina la marehemu baba yake muuzaji.

FundiWaKatwe
Mbona hilo la harusi ndilo kila kitu! Na hilo la logibuku ndilo la kwanza kabisa. Usilipe hata shilingi moja kabla hujaona karatasi za urithi na familia yote imekubali. Nimeona gari likichukuliwa na polisi siku ya harusi yenyewe kwa sababu ndugu mwingine alishtaki.

Kuhusu umeme: soketi yako ya kawaida haitoi hata kilowati tatu. Kujaza betri ya 77 kWh kutoka chini utachukua zaidi ya siku nzima, usiku na mchana, umeme ukiwa haukatiki. Mwenye nyumba atakubali uvute waya mpya mkubwa mpaka kwenye parking?

Mzee_wa_Kombi
Kwa harusi hakuna atakayekodi Buzz. Watu wanataka Kombi, wanataka ile sauti ikiingia getini.

Kijana_Ntinda
Bibi harusi hataki moshi wa petroli kwenye gauni, Mzee. Na kwa picha sura ndiyo inayoonekana. Buzz ya rangi mbili inapendeza, tuseme ukweli.

Mzee_wa_Kombi
Inapendeza, sijakataa. Ninachokataa ni kuambiwa ni kitu kimoja. Ile ya zamani unatoa kiti cha nyuma kwa boliti chache, unapakia matooke mpaka dirishani, Jumapili unarudisha kiti unapeleka watu kanisani. Hao waliotengeneza hii mpya walitazama mistari ya bodi, hawakutazama maisha ya ndani yake. Na hizi zilizobaki Uganda ndizo hizo. Tangu sheria ya 2018 gari la zaidi ya miaka 15 haliingii nchini, kwa hiyo kila moja inayooza uani ni moja imepungua.

Mlima_Elgon
Kama tunazungumza umeme wa kwetu, mbona hakuna anayetaja Kiira, kampuni yetu ya kutengeneza magari? Kiwanda kiko Jinja hukohuko, Kayoola ni basi la umeme na halijaiga sura ya mtu. Ningependa watengeneze vani ndogo ya watu kumi, ya barabara zetu, yenye tumbo la juu. Hapo ningetoa hela yangu.

KamunyeBoss
Wakitengeneza hiyo hata mimi nitaingia foleni.

Kijana_Ntinda
Basi la abiria ni jambo tofauti na vani ya familia, Mlima. Lakini hilo la tumbo la juu umesema kweli. Buzz iko chini, na njia za Kira ikinyesha tunazijua.

FundiWaKatwe
Turudi kwa mwenye swali. Ukienda kuiona, nenda na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa. Pitisha chini ya milango, kwenye kona za magurudumu, mahali pa jeki, na chini ya betri upande wa injini. Sumaku isiposhika, hapo kuna fila ya kuziba matundu, bati limekwisha. Angalia mipira ya petroli juu ya injini. Ikiwa na nyufa, usiwashe kabla ya kubadilisha, Kombi nyingi zimeungua kwa mpira wa bei ya soda. Muulize vali zilirekebishwa lini. Nafasi yake ni 0.15 mm, injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi. Akikutazama tu bila jibu, toa milioni kadhaa kwenye bei yake. Spea zisikutishe sana, Brazil walitengeneza Kombi zenyewe hadi 2013.

Nakawa_Dereva
Nimempigia muuzaji. Karatasi za urithi anasema "zinashughulikiwa." Na ana dada wawili Nairobi.

FundiWaKatwe
Basi tulia kwanza. Jumamosi nitakuwa Jinja kwa kazi nyingine, naweza kuipitia bure, lakini wewe ongea na hao dada.

MamaSafari_Entebbe
Na usimruhusu mtu akuuzie wazo la kuiwekea umeme baadaye ili shemeji naye afurahi.

Bugisu_Aircooled
Samahani kuingilia, nipo Mbale na yangu ya 1972. Kuna anayejua fundi wa kabureta ya Solex upande huu? Ikipata moto inazima kwenye mataa, nimebadilisha plagi na kondensa bado. Na natafuta kebo ya klachi ya usukani wa kulia.

Mzee_wa_Kombi
Kebo ninazo mbili, mpya. Kuhusu kuzima, kabla hujafungua kabureta angalia ile valvu ndogo ya umeme ubavuni mwake, yenye waya mmoja. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya, rudisha. Usiposikia mlio mdogo wa "tak," imekufa. Niandikie.