Somo la usanifu na ufundi sekondari lina manufaa gani kwa mtoto?

Mama wa Dodoma
Ndugu zangu, habari za kazi. Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, imeweka mikondo miwili sekondari, wa jumla na wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi. Binti yangu, anayeipenda sana Hisabati, anautaka wa amali kwa ajili ya michoro na karakana, lakini baba yake anahofia kwamba tutampunguzia mtoto elimu. Mliosoma ufundi au mnaoufundisha, naomba mniambie: anapata nini humo asichokipata kwenye Fizikia?

Mwalimu wa Michoro
Dada yangu, nitakujibu kwa kigoda. Wanafunzi wangu hukichora kwa sura tatu, ya mbele, ya ubavuni na ya juu, kisha huingia karakana kukitengeneza kwa kufuata mchoro wao wenyewe. Kijana mmoja, hodari sana darasani, alichora tundu la milimita 20 kwenye mguu wenye unene wa milimita 25, na alipoanza kugonga patasi, mguu ukapasuka. Sikumkaripia. Alirudi kwenye kibao cha kuchorea, akalipunguza tundu hadi milimita 8, na safari hii ulimi, yaani ncha ya ubao inayoingia tunduni, ukaingia ukakaza bila hata msumari. Aliamua mwenyewe, akakosea, akaona kosa lilipo, akalirekebisha. Kwangu mimi hilo ndilo somo lenyewe, hata kama hatashika randa tena maishani.

Mhitimu wa Ufundi
Namuunga mkono Mwalimu, ila tusisahau tulikotoka. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Hata hivyo, shuleni kwetu wanafunzi 40 tuligombea jiriwa mbili za kubania mbao, misumeno ilikuwa butu, na mwishowe tukawa tunanakili ubaoni maelezo ya namna randa inavyofanya kazi. Mtoto anayefundishwa hivyo anakosa ufundi, na muda wa masomo mengine nao umekwisha kupotea. Kwa hiyo, dada, nenda shuleni siku ya kazi, omba kufunguliwa karakana, uangalie kama sakafuni kuna maranda mapya.

Mama wa Dodoma
Nawashukuru sana. Tutakwenda sote watatu, na mwenye kuichungulia hiyo sakafu atakuwa baba yake.