Misimamo ya jiji kuhusu miswada ya fedha California: waraka uandikweje?

KaraniBajeti
Wakuu, naandaa waraka wa misimamo ya jiji moja dogo la California kuhusu miswada ya jimbo, sehemu ya fedha. Rasimu iliyopo inasema tu: "Jiji linapinga sheria yoyote inayopunguza mapato yake." Niiboresheje? Na je, kila barua ya kwenda Sacramento, liliko bunge la jimbo, lazima ipite kwanza barazani?

Mizania
Futa sentensi hiyo. Hakuna jiji lisilosema hivyo, na mbunge haimwambii kitu.

Fungua bajeti, chukua chanzo kimoja kimoja cha mapato, kisha ukiandikie na kinga yake ya kikatiba. Mfano kodi ya ardhi na majengo. Tangu Proposition 13 (pendekezo lililopitishwa kwa kura ya wananchi) ya 1978, kiwango cha msingi hakizidi asilimia 1, na thamani inayotozwa haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi mali iuzwe au ijengwe upya. Jiji haliwezi kupandisha kiwango kuziba pengo, kwa hiyo vita vyote viko kwenye mgao, yaani nani apate sehemu gani ya kodi hiyo. Kuanzia 1992 jimbo lilihamishia shule sehemu ya mgao huo. Proposition 1A ya 2004 ikaweka uzio, ila ikaacha mwanya wa jimbo kukopa. Proposition 22 ya 2010 ikauziba. Andika: "Jiji linapinga badiliko lolote la mgao lisiloambatana na fedha mbadala za kudumu." Hilo "za kudumu" lisitoke. Ruzuku ya mwaka mmoja huisha, upungufu hubaki.

Kodi ya mauzo usinakili kwa jirani. Ile asilimia 1 ya jiji hufuata mahali mauzo yanapohesabiwa, kwa hiyo mswada wa kugawa upya kodi ya manunuzi ya mtandaoni humnufaisha asiye na ghala kubwa na kumuumiza aliye nalo. Jua kwanza ninyi mko upande gani.

Kifungu6
Naongeza majukumu yasiyo na fedha. Katiba ya California (XIII B, kifungu cha 6) inataka jimbo lirudishe gharama za kazi mpya linazowabebesha. Soma mwisho wa muhtasari wa mswada unaoandikwa na mwanasheria wa bunge. Ukikuta maneno kwamba fidia haihitajiki kwa kuwa serikali za mitaa zina mamlaka ya kutoza ada, hapo ndipo pa kupiga kelele. Kwa ada za maji au majitaka, Proposition 218 (1996) inadai notisi siku 45 kabla ya kikao, na wenye mali wengi wakipinga kwa maandishi ada inakufa. Lakini mwaka 2019 mahakama ya rufaa ilisema uwezekano huo wa kupingwa hauondoi mamlaka ya kutoza. Kwa hiyo dai marekebisho mswada ukiwa bado kamatini. Kusubiri na kudai fidia baadaye kwa tume ya jimbo inayoamua madai ya majukumu hayo kunakula miaka.

Muhuri
Kuhusu barua: ajenda ya kikao cha kawaida cha baraza hubandikwa saa 72 kabla, na mswada uliorekebishwa nao unaweza kupigiwa kura ya mwisho saa 72 baada ya kuchapishwa. Ukisubiri baraza umeshachelewa. Baraza lipitishe waraka kwa azimio, limruhusu meya au meneja wa jiji kusaini barua zinazolingana nao. Lililo nje ya waraka lirudi barazani.

Juu ya barua weka namba ya mswada na tarehe ya marekebisho, maana barua ya toleo la zamani haina kazi. Hasara itajeni kwa dola za bajeti yenu. Mkiandika "tunapinga isipokuwa urekebishwe", ambatisheni maneno kamili ya rekebisho. Likikubaliwa, andikeni tena kuondoa pingamizi, la sivyo mtaendelea kuorodheshwa na wapinzani, na wasaidizi wa mbunge mwenye mswada hawatahangaika nanyi tena.

KaraniBajeti
Shukrani. Je, waraka huo unatosha pia kwa mapendekezo ya kura ya wananchi?

Muhuri
Kwa sehemu. Baraza linaweza kutoa msimamo katika kikao cha wazi, lakini tangu hukumu ya Stanson v. Mott (1976) fedha za umma haziruhusiwi kufanyia kampeni. Taarifa isiyoegemea upande kuhusu athari kwa bajeti, sawa. Kipeperushi cha "piga kura ya hapana" kwa fedha za jiji, hapana.