Msaada: kuchapa kweri za kanzidata zisomeke wakati wa kusaka hitilafu

msaka_hitilafu:
Wakuu, habari za kazi. Natumia Django (mfumo wa Python wa kujenga programu za wavuti) na kanzidata ya PostgreSQL. Kuna ripoti inaleta jumla kubwa kuliko inavyotakiwa, nikaamua kuichapa kweri yenyewe (amri ya SQL inayoomba data) kwa `print(qs.query)`; `qs` ndiyo queryset ya ripoti. Inatoka mstari mmoja mrefu, JOIN (za kuunganisha majedwali) zimejazana, hata WHERE (ya masharti) sioni inaanzia wapi. Nikiipeleka psql (programu ya kuandikia PostgreSQL amri) inagoma: `operator does not exist: date >= integer`. Ila ndani ya programu inakubali! Nyie mnafanyaje?

nyuzi_tatu:
Mkuu, weka maktaba ya sqlparse, halafu:

`print(sqlparse.format(str(qs.query), reindent=True, keyword_case="upper"))`

Kila kifungu kitakaa mstari wake.

bi_jedwali:
Hiyo inapanga mistari tu, kosa litabaki palepale. `qs.query` si kile kinachofika kwenye kanzidata. Django hutuma kweri kivyake na vigezo (thamani kama tarehe) kivyake. Ukichapa, inavichomeka bila alama za nukuu. Kwa hiyo `tarehe >= 2024-03-01` PostgreSQL inaisoma kama hesabu ya kutoa: 2020. Ndiyo maana inalalamikia integer (namba kamili). Na ushukuru imelalamika, kanzidata ya SQLite ingekuletea rekodi zote kimyakimya.

Fanya hivi, DEBUG ikiwa True kwenye settings za Django, na `connection` ukiitoa `django.db`:

`list(qs)`
`print(sqlparse.format(connection.queries[-1]["sql"], reindent=True))`

Hiyo `list` ni muhimu, bila kuitekeleza kweri hakuna kitakachorekodiwa. Utaona pia muda iliotumia, kwenye `"time"`.

mzee_wa_seva:
Kwa wanaotumia SQLAlchemy (maktaba nyingine ya Python ya kanzidata), `echo=True` kwenye `create_engine` huchapa kila kweri, inatosha kuanzia. Ila nawasihi, hayo yote yaishie kwenye mashine ya kuendelezea. Kweri yenye vigezo vyake hubeba barua pepe na namba za simu za watu, haifai kuzagaa kwenye faili za logi za seva.

msaka_hitilafu:
Asanteni sana, sasa inasomeka! Naona LEFT JOIN mbili, ya malipo na ya bidhaa, zote chini ya oda moja. Oda yenye bidhaa tatu, malipo yake yanajumlishwa mara tatu. Niweke `distinct=True` (ya kuruka thamani zinazojirudia) kwenye Sum inayojumlisha?

bi_jedwali:
Hapana, usiweke! Malipo mawili ya kiasi kilekile yatahesabiwa kama moja, na jumla itapungua. Jumlisha malipo peke yake ndani ya `Subquery` (kweri ndogo ndani ya kweri), kisha chapa kweri tena uhakikishe JOIN ya malipo haipo tena.