Wakuu ushauri: naongeza nguvu, satelaiti ndiyo inazidi kupotea

Mpanda_Dari: Wakuu habari za jioni. Nina kile kifaa cha USB cha kunasia mawimbi, cha biti 8. Nanasa picha za mawingu. NOAA 19, satelaiti ya hali ya hewa ya Wamarekani, niliipata safi kwa antena hii hii. Sasa naitafuta Meteor ya Warusi, megahezi 137.9, hapa Dar naona chenga tupu, na wimbo wa taarabu juu yake. Geini (kiwango cha kifaa kukuza mawimbi) nimeweka mwisho kabisa, desibeli 49.6. Ampi (kikuza mawimbi) ya desibeli 30 ninunue ipi?

Kocha_Mstaafu: Kijana, sisi tulikuwa na redio ya mkulima, antena tunafunga waya wa nguo, Deutsche Welle inaingia kama jirani anaongea. Siku moja mbuzi akala ule waya...

Mama_Watatu: Januari inakuja, ada umelipa?

Fundi_Nyaya: Ampi iache kwanza. Chipu yako inageuza mawimbi kuwa namba, 0 mpaka 255. Wimbi likizidi hapo halipati namba, linakatwa kichwa, na kila kilichokatwa kinazaa stesheni za uongo. Kila biti inakupa kama desibeli 6, kwa hiyo biti 8 kinadharia ni kama desibeli 50 kati ya wimbi kubwa na dogo kabisa inayoweza kuyapima kwa pamoja. Ni mizani ya dukani: ukipandisha gunia la mahindi, usiiulize uzito wa iliki moja iliyodondokea juu yake. Unakaa karibu na nini?

Mpanda_Dari: Uswahilini tu, kawaida.

Fundi_Nyaya: Karibu na NINI mkuu?

Mpanda_Dari: Kuna mnara wa FM nyuma ya nyumba, kama mita 200. Ila sioni unavyohusika, wao wako 88 hadi 108, mimi niko 137. Halafu ampi moja ya desibeli 20 tayari iko juu kwenye antena. Hiyo ya 30 nimeshaitolea advansi. Mawimbi ya satelaiti ni dhaifu, lazima yaongezwe, hilo kila mtu anajua.

Mama_Watatu: Advansi!! 😂

Fundi_Nyaya: Ampi haichagui. Desibeli 20 ni volti mara 10, za satelaiti na za mnara pia. Mnara unaishindilia ampi na tyuna (sehemu ya kifaa inayochagua masafa) kwanza, takataka zake ndizo zinaifikia chipu. Ukiongeza 30 unamwongezea mnara.

Mzee_wa_Chai: Samahani wakuu. NOAA 19 imezimwa tangu Agosti 2025. Huyu ameinasa lini? Hii chai, tena ya tangawizi.

Kocha_Mstaafu: Mimi nilishangaa mapema, nikanyamaza tu.

Mpanda_Dari: Sio chai jamani! Desemba 2024, nimeenda likizo nyumbani Iramba. Ziwa Victoria lilionekana lote kwenye picha. Antena hii, kifaa hiki, wala ampi sikuwa nayo.

Fundi_Nyaya: Rudia kusoma sentensi yako ya mwisho.

Mzee_wa_Chai: Basi chai nimeimwaga.

Fundi_Nyaya: Panda dari, ng'oa ampi, shusha geini kidogokidogo huku unatazama skrini. Wimbi la kweli linashuka sawasawa na geini. La uongo linaporomoka haraka kuliko geini, au linapotea kabisa. Baadaye tafuta filta ya kuzuia FM, uiweke KABLA ya ampi. Baada yake haikusaidii, ampi itakuwa imeshazidiwa.

Kocha_Mstaafu: Yule mbuzi tulimla Krismasi.

Mpanda_Dari: Nimerudi. Nimetoa ampi, geini kwenye 20. Taarabu imekata. Saa moja kasoro hivi ukatokea mkanda mwembamba palepale 137.9, kama dakika nane, halafu ukafifia. Picha nusu ina michirizi, ila mawingu yapo. Asante Fundi. Sasa ile ya 30, nikiiweka nyuma ya filta, si itafaa? Maana advansi hairudishwi.

Mama_Watatu: Na ada je?